Drive D iliyotoweka baada ya kusasisha BIOS

SWALI

Kaka, habari za kazi. Nina studio ya picha na video hapa Lindi mjini. Kompyuta yangu ya kuhariria ina diski 4 za terabaiti 4 kila moja, zimefungwa pamoja ziwe safu moja inayoonekana kama diski moja, kwa RAID 5 ya mazabodi yenyewe, ya Intel. Windows iko kwenye SSD ya peke yake. Wiki iliyopita fundi alisasisha BIOS, ile programu ya kuwashia kompyuta, ili mazabodi ikubali prosesa ya kizazi cha 9 badala ya ile ya kizazi cha 8, na siku hiyo hiyo akaniongezea SSD nyingine ya M.2. Kompyuta ilipowaka, Drive D haikuwepo. Windows ilionyesha diski 3 ngeni na kijidirisha kinachotaka tuanzishe baadhi yake. Fundi akabonyeza sawa kwa diski moja, nikamzuia asiendelee. Tuliporudi kwenye BIOS tukakuta mpangilio wa SATA umehama kutoka RAID kwenda AHCI, tukaurudisha. Sasa skrini ya RAID inaonyesha wanachama 2, diski 1 isiyo ya RAID, na neno Failed kwa wekundu. Fundi anasema tuifute safu tuiunde upya, data zitarudi zenyewe. Mle ndani mna kazi za harusi za msimu mzima wa korosho, karibu terabaiti 7, na wateja wengine sijawakabidhi. Nakala nyingine sina. Nifanye nini?

JIBU

Dada yangu, pole sana. Kabla hujasoma mbele, izime kompyuta, uchomoe waya wa umeme, na umwambie fundi wako kwa heshima kwamba safu haifutwi leo wala kesho. Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini data zako karibu zote bado ziko juu ya diski, na ninaona makosa mawili tofauti ambayo yamegongana siku moja yakaonekana kama balaa moja. Kila moja lina dawa yake. Kitakachokupotezea kazi zako si BIOS mpya, bali ni kitu chochote kitakachoandikwa kwenye diski hizo kuanzia sasa.

Hebu tuhesabu pamoja, kwa sababu katika barua yako kuna namba ambayo nadhani wewe na fundi mmeipita. Diski zako ni 4. Windows ilionyesha 3. Skrini ya RAID sasa inaonyesha wanachama 2 na diski 1 isiyo mwanachama, jumla yake tena ni 3. Maana yake ni kwamba tangu fundi alipofunga kompyuta siku ile, diski ya nne haijaonekana na mtu yeyote, si Windows wala BIOS. Safu ya RAID 5 huvumilia kukosa diski moja tu. Ikikosa moja huendelea kufanya kazi huku ikionyesha Degraded, na ikikosa mbili ndipo huandika Failed. Moja umeikosa kwa kubonyeza kile kijidirisha. Ya pili umeikosa kwa sababu nyingine kabisa, na mimi naishuku ile SSD ya M.2.

Kwenye mazabodi nyingi za kizazi hicho, njia za data zinazokwenda kwenye nafasi ya M.2 ndizo hizo hizo zinazohudumia tundu moja au mawili ya SATA. Ukichomeka SSD pale, tundu la SATA linalochangia njia nayo hufa kimya kimya, bila onyo, na diski iliyochomekwa humo hubaki ikizunguka bila kuonekana. Kitabu cha mazabodi yako kina jedwali linaloonyesha ni tundu lipi linalozimwa na nafasi ipi ya M.2. Kama kitabu kimepotea, kipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kutumia jina kamili la modeli lililochapwa kwenye ubao wenyewe. Iwapo jedwali litathibitisha hivyo, toa ile SSD mpya au hamishia kebo ya diski iliyopotea kwenye tundu lililo hai. Kebo yenyewe nayo uiangalie. Hapa pwani hewa ina chumvi na unyevu, na si mara moja nimekuta ncha za kebo za SATA zimefanya ukungu wa kijani ambao ukiguswa tu wakati wa kubadilisha prosesa, mawasiliano hukatika. Lakini usiwashe bado, nitakueleza kwa nini.

Sasa nieleze BIOS ilifanya nini, maana ukielewa hili hofu itapungua. Programu hiyo hukaa ndani ya chipu ndogo ya kumbukumbu juu ya mazabodi, na mipangilio unayoichagua wewe huhifadhiwa katika sehemu ya chipu hiyo hiyo. Fundi anapoandika toleo jipya, mara nyingi mipangilio ya zamani hufutwa, kwa kuwa toleo jipya huenda likaipanga kwa namna nyingine, na kila kitu hurudi kwenye hali ya kiwandani. Kwa SATA, hali ya kiwandani ni AHCI, ambamo kila diski husimama peke yake. Kwa hiyo BIOS haikuivunja safu yako. Iliacha tu kuitambua, na Windows ikaziona diski moja moja kama vipande vya mkeka uliofumuliwa.

Safu yenyewe haikai ndani ya BIOS. Inakaa kwenye diski. Diski ya terabaiti 4 huwa na sekta 7,814,037,168 za baiti 512 kila moja, na Intel huandika kitambulisho cha safu mkiani kabisa, kuanzia sekta ya pili kutoka mwisho. Ukiifungua sekta hiyo kwa programu ya kusoma baiti utaona maneno haya yakiwa yameandikwa wazi: Intel Raid ISM Cfg Sig. Baada yake hufuata jina la safu, ukubwa wa vipande ambavyo data hukatwa ili zigawanywe kwa diski, mpangilio wa diski, na namba za utambulisho za diski zote nne, zile zile zilizochapwa kwenye lebo zake. Hili la mwisho ndilo linalonipa matumaini makubwa katika kesi yako, kwa sababu kila mwanachama hubeba orodha ya wenzake wote. Wawili waliobaki bado wanajua nani na nani walikuwa nao, na kila mmoja alikaa nafasi ya ngapi. Hatutalazimika kubahatisha.

Kile kijidirisha alichobonyeza fundi kilifanya nini? Kuianzisha diski kwa mtindo wa GPT ni kuandika jedwali la patisheni, yaani orodha ya migawanyo ya diski, mara mbili: mara moja mwanzoni mwa diski, sekta 34, na mara ya pili mwishoni, sekta 33. Zile 33 za mwisho ndizo zilizofunika kitambulisho cha Intel, na ndiyo maana skrini ya RAID sasa inaikana diski hiyo. Lakini pima ukubwa wa jeraha lenyewe: ni kilobaiti 17 mwanzoni na pungufu kidogo ya hapo mwishoni, kati ya terabaiti 4. Video za wateja wako zilizo katikati hazijaguswa. Fundi hakufomati, na wewe ulimzuia kwa wakati, jambo ambalo wengi hawalifanyi.

Nadhani pia najua takriban ni diski ipi. Katika RAID 5 ya namna hii, kipande cha kwanza cha safu hukaa kwenye diski ya kwanza, cha pili kwenye ya pili, cha tatu kwenye ya tatu, na pariti ya mstari huo wa kwanza, yaani hesabu ya kurudishia kipande kikipotea, hukaa kwenye ya nne. Jedwali la patisheni la Drive D liko ndani ya kipande cha kwanza. Vipande vya pili na vya tatu huangukia katika eneo lililo kabla ya data kuanza, na kwa kawaida eneo hilo ni sifuri tupu, hivyo pariti ya mstari huo hutoka sawasawa na kipande cha kwanza. Matokeo yake ni kwamba diski ya kwanza na ya mwisho zote mbili huonekana kama zina jedwali la patisheni, na zile mbili za katikati huonekana tupu. Windows huomba kuanzisha diski ambazo haioni jedwali juu yake. Kwa hiyo diski aliyoibonyeza fundi huenda ni moja kati ya zile mbili za katikati, ambazo mwanzoni mwake hapakuwa na kitu cha kupoteza. Tutalithibitisha kwa namba za utambulisho, si kwa dhana yangu hii.

Niseme kidogo kuhusu pariti, kwa kuwa ndiyo itakayokuokoa. Chukua vipande vitatu vya biti nne nne: 0110, 0011 na 1100. Kontrola huvilinganisha biti kwa biti, nafasi kwa nafasi: idadi ya moja ikiwa shufwa huandika 0, ikiwa witiri huandika 1. Ukifanya hivyo kwa vitatu hivi unapata 1001, na hiyo ndiyo pariti inayokwenda kwenye diski ya nne. Sasa poteza kipande cha katikati. Umebaki na 0110, 1100 na 1001. Vilinganishe kwa kanuni ile ile na utapata 0011, kipande kilichopotea, bila upungufu wa biti hata moja. Diski yako moja isiyotambulika inaweza kukokotolewa hivyo kutoka kwa zile tatu nyingine, mradi ile ya nne irudi. Wazo hili la kufunga diski za bei nafuu pamoja lilielezwa na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988, na hesabu ya pariti haijabadilika hadi leo.

Nirudi kwa ushauri wa fundi wako. Hakuuzua kichwani. Kuifuta safu na kuiunda upya kwa vipimo vile vile vya awali kumewahi kuwasaidia watu, kwa sababu uundaji hugusa zaidi kitambulisho kuliko data zenyewe. Lakini ni njia ya kuvukia mto usiojua kina chake. Inabidi upatie mpangilio wa diski, ukubwa wa kipande na aina ya safu vyote kwa pamoja. Diski 4 zinaweza kupangwa kwa namna 24, na moja tu ndiyo sahihi. Ukikosea, halafu safu ikaanza kusawazisha pariti, itakuwa inaandika juu ya kazi zako kwa mpangilio usio wake, kilomita kwa kilomita, huku skrini ikionyesha asilimia zinapanda kana kwamba mambo yanakwenda vizuri. Na wewe hivi sasa diski ya nne haionekani kabisa, kwa hiyo hata ukitaka, huwezi kuiunda ile safu ya zamani.

Naliandika hili kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa bado naanza kazi hii hapa Mtwara, niliitwa katika ofisi moja yenye safu kama yako. Diski moja ilikuwa imetolewa kwenye safu, nyingine ilikuwa ikisuasua, nami nikabonyeza Rebuild, yaani kuijenga safu upya, bila kuchukua nakala kwa kuwa wenye ofisi walikuwa na haraka. Ilifika kama theluthi, ile diski iliyokuwa ikisuasua ikafa. Hesabu za misimu miwili zilikwenda na maji. Tangu siku hiyo sijawahi kuigusa safu iliyovunjika kabla ya kuwa na nakala za diski zake mkononi, hata mteja anapolalamika kwamba nampotezea muda.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kalamu ya wino usiofutika na vipande vya plasta. Kabla ya kuchomoa kebo yoyote, piga picha ya ndani ya kompyuta kwa simu, kisha kila diski ibandike plasta yenye namba ya tundu ilikokuwa imechomekwa. Andika daftarini namba ya utambulisho ya kila moja. Hili linaonekana dogo, lakini ukishazitoa diski nne zinazofanana mezani bila alama, umejiongezea fumbo ambalo halikuwepo.

Diski ile iliyoanzishwa na fundi utaitambua kwenye skrini ya RAID kwa namba yake. Ichomoe uiweke pembeni, ndani ya mfuko wake, wala usiirudishe mpaka nikuambie. Sababu ni hii: kontrola ya Intel inapokuta safu yenye upungufu na diski huru imekaa karibu, huwa inauliza, na wakati mwingine huwa tayari, kuitumia diski hiyo huru kujengea upya. Hatutaki ijenge kitu chochote. Diski huru isipokuwepo, hakuna pa kujengea.

Kinachofuata ni kunakili. Utahitaji flashi yenye Linux ya uokoaji, kama SystemRescue, ambayo ni ya bure na tayari ina zana za kusomea na kunakili ninazozitaja hapa, na utahitaji diski mpya. Hapa watu hukosea hesabu. Nakala za diski tatu za terabaiti 4 hazienei kwenye diski ya terabaiti 12, kwa sababu terabaiti 4 za dukani ni kubwa kidogo kuliko 4 kamili, na zikizidishwa mara tatu zinaizidi ile ya 12 kwa gigabaiti mbili na kitu. Nunua ya 16 kwa ajili ya nakala, na nyingine ya 10 kwa ajili ya mafaili yatakayotoka. Najua ni fedha nyingi. Zote mbili utaendelea kuzitumia baadaye kwa nakala za kudumu, kwa hiyo hazipotei.

Zinakili diski moja baada ya nyingine, hizo nyingine zikiwa zimechomolewa. Mwanachama mmoja akiwa peke yake hawezi kuanzisha safu, hivyo hakuna programu itakayojaribu kukusaidia bila kuombwa. Chomeka diski moja kwa moja kwenye SATA, si kupitia kasha la USB, kwa kuwa baadhi ya makasha hubadilisha hesabu ya sekta na kitambulisho kikaonekana kimepotea wakati kipo. Ukiwa ndani ya Linux, ifunge kwanza diski isiandikwe kwa amri ya blockdev --setro, kisha soma afya yake kwa smartctl -a. Macho yako yaende kwenye namba 5, 197 na 198, ambazo ni sekta zilizohamishwa, zinazosubiri na zisizosomeka. Zikiwa sifuri, vizuri sana. Namba 199 ikiwa kubwa, tatizo ni kebo na si diski. Halafu nakili kwa ddrescue, ukiipa faili la ramani ili umeme ukikatika iendelee ilipoishia badala ya kuanza upya:

ddrescue -n /dev/sdb /mnt/nakala/diski1.img /mnt/nakala/diski1.map

Hakikisha mara mbili kwamba /dev/sdb ndiyo diski ya zamani, kwa kulinganisha namba ya utambulisho ambayo smartctl imekuonyesha na ile ya daftarini. Kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, diski ya terabaiti 4 huchukua kama saa saba na nusu, kwa hiyo panga diski moja kwa kutwa. Weka kompyuta kwenye UPS, na feni ielekee kwenye diski, maana zikisoma mfululizo kwa joto la Lindi zinachemka.

Diski ikiwa peke yake hivyo, soma pia kitambulisho chake kwa mdadm --examine. Amri hii husoma tu. Kama italalamika kuhusu aina ya mashine, iandikie mwanzoni IMSM_NO_PLATFORM=1. Utaona jina la safu, ukubwa wa kipande, ambao kwa Intel mara nyingi ni kilobaiti 64 au 128, orodha ya diski kwa namba zake za utambulisho, na namba ya kizazi, ambayo hupanda kila kitambulisho kinapoandikwa upya. Linganisha namba ya kizazi kwenye wanachama wote. Wale wawili wanaoonekana sasa huenda wakawa mbele kidogo ya yule wa nne, kwa sababu wamewashwa bila yeye na huenda wameandika kwamba hayupo. Tofauti ndogo ya namna hiyo isikushtue, kwa kuwa Drive D haikuwahi kufunguka tena tangu siku ile, na kwa hiyo hakuna faili lililobadilika katikati. Ingekuwa mmeendelea kufanya kazi kwa wiki moja bila diski ya nne, ningekuambia usiiamini.

Ukishakuwa na nakala tatu, diski zenyewe ziondoe kabisa, uzifungie kabatini. Kuanzia hapa tunafanya kazi juu ya nakala. Kuna programu zinazoijenga safu kwa kuiwaza tu kwenye kumbukumbu bila kuandika popote, kama R-Studio, UFS Explorer na DMDE. Zifungulie mafaili matatu ya .img, nafasi ya diski inayokosekana iwekee alama kwamba haipo, na vipimo uvitoe kwenye yale uliyoyasoma: RAID 5, mpangilio wa pariti unaoitwa left asymmetric, kuanzia sekta ya 0. Matoleo ya majaribio hukuonyesha mafolda kabla hujalipia, kwa hiyo usitoe hela mpaka umeona majina ya wateja wako.

Kuona majina hakutoshi. Majina na mafolda huweza kuonekana sawa hata mpangilio wa diski ukiwa na kasoro, kwa kuwa taarifa zake ni ndogo na huweza kuangukia ndani ya kipande kimoja. Fungua picha moja kubwa, ya megabaiti 8 au zaidi. Kwa vipande vya kilobaiti 64, mstari mmoja wa safu yako hubeba kilobaiti 192 za data, hivyo picha ya ukubwa huo huzizunguka diski zote mara nyingi. Mpangilio ukiwa sahihi, bibi harusi ataonekana kuanzia kilemba hadi viatu. Ukiwa na kosa, utaona sehemu ya juu tu ya picha, pengine mapambo ya ukumbi, kisha rangi zinahama na chini panakuwa na utepe wa kijivu. Fungua picha kumi za miezi tofauti, halafu video mbili ndefu, uzirushe mbele hadi katikati na mwisho. Zikicheza vizuri, nakili kila kitu kwenda kwenye ile diski ya terabaiti 10, ukianza na kazi za wateja ambao hawajakabidhiwa.

Kama fedha za diski ya 16 hazipatikani kabisa, sitakuacha hewani. Iwapo smartctl inaonyesha diski zote tatu ni nzima, namba 5, 197 na 198 zikiwa sifuri, unaweza kuzichomeka zote tatu kwa pamoja kwenye kompyuta iliyowashwa na Linux, kuzifunga zisiandikwe, na kuitumia programu kuzisoma moja kwa moja kuelekea kwenye diski ya 10. Hatari yake ni kwamba diski ikianza kushindwa katikati huna pa kurudi. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida hueleza kikomo cha kosa moja la kusoma kwa kila biti 10 kipeo cha 14, yaani takriban terabaiti 12.5, na wewe utakuwa unasoma sehemu kubwa ya kiasi hicho. Ni hatari ambayo mtu anaweza kuikubali akiwa na macho wazi. Kama namba yoyote kati ya hizo si sifuri, usiikubali.

Na kama diski ya nne, baada ya kubadilishiwa tundu na kebo, bado haionekani? Hapo ndipo ile aliyoianzisha fundi inakuwa ya thamani. Inakili kwa ddrescue kama zile nyingine, kisha iingize kwenye programu kwa mkono, katika nafasi ambayo wenzake wawili wanaikumbuka kwa namba yake ya utambulisho. Kitambulisho chake cha mkiani kimekufa, lakini data zake zipo. Utakuwa na diski tatu kati ya nne, na kilobaiti 17 zilizoharibika mwanzoni mwake ziko kabla ya patisheni kuanza. Hata kama kumbe ilikuwa diski ya kwanza, na jedwali la patisheni la Drive D limefunikwa, GPT huacha nakala ya pili ya jedwali mwishoni mwa safu, na programu hizo huitafuta zenyewe.

Usimruhusu mtu airudishe BIOS ya zamani akidhani safu itarudi nayo. Prosesa yako mpya huenda isiwake kabisa kwa toleo la zamani, na umeme ukikatika katikati ya uandishi utakuwa na mazabodi iliyokufa juu ya matatizo mengine. Na usishangae kama ile skrini ya zamani ya kubonyeza Ctrl na I haitokei tena. Mazabodi ikiwashwa kwa UEFI, yaani mtindo mpya wa BIOS, mipangilio ya RAID huwa ndani ya menyu ya BIOS yenyewe.

Mafaili yakishatoka na kuhakikiwa, ndipo diski za zamani ziwe huru kuundiwa safu mpya. Ushauri wangu binafsi ni kwamba kwa studio ya mtu mmoja, RAID 5 ya mazabodi haifai sana. Inakupa Drive D moja kubwa, lakini inakufunga kwenye mpangilio mmoja wa BIOS ambao fundi yeyote anaweza kuugusa. Ningezifunga diski mbili mbili kwa RAID 1, ambamo kila moja ni kivuli cha mwenzake na husomeka hata peke yake, nikubali nafasi ya terabaiti 8 badala ya 12, kisha kila Jumapili ninakili kazi mpya kwenye ile diski ya 16 inayolala nyumbani na si studio. Na kabla BIOS haijasasishwa tena, kila ukurasa wa mipangilio upigwe picha kwa simu. Kama unatumia BitLocker, ile kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri, ufunguo wake wa uokoaji uuandike karatasini kwanza, maana BIOS mpya au prosesa mpya vyote viwili huweza kuamsha ombi la ufunguo huo.

Jambo la mwisho ni ile sauti. Ukiiwasha diski ya nne ukasikia inagonga tik, tik, tik kisha inanyamaza, izime papo hapo na usijaribu mara ya pili. Hiyo ni kazi ya mahali penye chumba kisicho na vumbi, na itabidi isafiri hadi Dar es Salaam au mbali zaidi. Usiifungue mwenyewe. Diski zisafirishe kwa mtu unayemfahamu, si kwenye buti la basi. Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, mizigo ilikwama njiani, na diski iliyokaa kwenye unyevu hairudi kama ilivyotoka. Kila moja izungushie sifongo, iwe na mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, na iwe na plasta yake ya namba. Zipeleke zote nne pamoja, ikiwemo ile ya fundi, kwa sababu atakayezifungua huko atahitaji tatu zinazosomeka, na hatujui bado ni tatu zipi.